Mti Mwekundu ni Nyumba Tupu

9 Januari

Nimemaliza shule na sina la kufanya, kwa hiyo nimepewa la kufanya. Baba ameniweka karakanani kupiga msasa. Mama anasema ni mpaka matokeo yatoke. Baba hasemi ni mpaka lini. Amenipa karatasi ya msasa na kunionyesha kitanda cha mtu kwa kidevu. Baba ni seremala, na kidevu chake ndicho msimamizi wa karakana.

Saa nne nilitoka nje kupumua kidogo. Nyuma ya karakana kuna mteremko mzima wa misonobari ambayo Baba aliipanda mwaka niliozaliwa. Maisha yake yote ananunua mbao za watu, hizi zimepinda, hizi zina macho ya matawi, hizi zililowa kabla hazijamfikia. Mteremko huu ndio utakaompa mbao zake mwenyewe. Mteja akimuuliza ataanza kuvuna lini, hujibu, "Bado inakua, kama huyu," na kidevu kinanigeukia mimi. Siku hizo mimi hutamani kuingia chini ya meza.

Mti mmoja wa katikati umekuwa mwekundu. Haukupita njano. Juzi ulikuwa kijani na leo ni mwekundu kama kutu, kuanzia kileleni.

Nilimwambia Baba. Akasema, "Jua." Ni kweli mvua zilizopita hazikutosha hata kujaza pipa.

12 Januari

Msasa. Chafya. Msasa.

15 Januari

Leo alikuja fundi wa msumeno kuuangusha ule mti. Watu wote wanamwita Nini, kwa sababu msumeno wa mashine umemla masikio, na chochote utakachomwambia, jibu lake la kwanza ni hilo. Mimi nikizungumza sauti inaishia kwenye meno. Yeye hasikii hata lori likipiga honi. Sijui nani aliona vyema kutukutanisha.

"Shikamoo," nikasema.

"Nini?"

"Shikamoo!"

"Nini?"

"Anakusalimia!" Baba akapaza sauti kutoka ndani.

"Aa! Marahaba, marahaba, binti yangu! Sasa si useme?"

Mti ulianguka vibaya, ukavunja miwili ya kijani iliyokuwa jirani. Baba alishika kichwa, akatembea mpaka mwisho wa uzio na kurudi. Kisha akasema mbao ni mbao: hiyo miwili itakuwa milango ya zahanati, maana ameahidi milango na bado hajapata mbao za kumridhisha.

Wao walipokuwa wanakunywa chai mimi nilikaa na mti mwekundu. Gome lake lilikuwa limetoboka kila mahali, vitundu vidogo kama vya kifuniko cha kopo la chumvi. Nililibandua kwa mkono tu, likatoka kipande kikubwa kama sahani. Upande wa ndani umechongwa! Njia moja ndefu inapanda, na pembeni zimetoka njia nyembamba nyingi, kila moja inaanza nyembamba na kupanuka inavyokwenda mbali, kama miguu ya tandu. Baba mwenyewe na patasi yake ndogo hawezi kuchonga hivyo. Lakini ndani hamkuwa na mtu. Nilibandua kipande baada ya kipande. Unga mkavu tu. Nyumba tupu, wapangaji wamehama.

Nilimpelekea Baba kile kipande. Alikigeuza, akasema, "Wadudu wa mti mfu," akakitumia kuwekea kikombe.

16 Januari

Ile miwili ya kijani imekatwa magogo na kupangwa juu ya mteremko, kwenye kivuli cha miti mizima, pamoja na magome yake. Hii ndiyo sheria ya karakana yetu: gogo halimenywi, na halilali juani, kwa sababu likimenywa likapigwa na jua linapasuka. Baba hujivuna kwamba mbao zake hazijawahi kupasuka. Wengine wanaona haraka, anasema, yeye anaona kivuli.

24 Januari

Mama Kuku alikuja kuchukua maranda ya kutandika mabandani kwake. Ndiye jirani yetu wa upande wa juu, ana kuku wengi na misonobari michache ng'ambo ya uzio ya kuwakinga upepo. Huwa anazungumza tangu anaingia mpaka anatoka, na anapotoka bado unamsikia njiani.

"Huyu binti yenu anakaa kimya hivi, mtampatia mchumba kwa barua?" akamwambia Mama.

Mama akacheka. Hata Mama!

Nilikwenda kwenye magogo nipate mahali pa kukasirikia. Na huko nikaona kitu. Kwenye mikunjo ya magome kulikuwa na unga wa rangi ya kahawa, laini, kama mtu amemwaga majani ya chai yaliyosagwa. Buibui alikuwa ametandaza utando kati ya magogo mawili, na utando wote ulikuwa umejaa ule unga.

Nikachokoa kwa kisu. Yuko hai! Mbawakawa mweusi mwenye wekundu kidogo, mdogo kama punje ya mchele, amejaa manyoya mafupi. Mgongo wake kwa nyuma umekatwa mshazari kama umechotwa kwa kijiko, na ukingoni ana vimeno. Nilimtazama mpaka nikaelewa vile vimeno ni vya nini. Anarudi kinyumenyume, anasukuma unga nje kwa makalio yake, kama mtu mwenye beleshi. Nimewapa jina: Mabeleshi.

Kisha nikainua macho nikaona miti iliyosimama juu ya magogo. Mizuri, ya kijani, hakuna jani moja jekundu. Nikaenda kwenye wa kwanza. Unga. Wa pili. Unga.

25 Januari

Nilijipanga tangu asubuhi. Nilisema moyoni: Baba, miti ya kijani ina wadudu, naomba uje uone. Sentensi moja. Nilipoingia alikuwa na mteja. Mteja alipotoka alikuwa anapima. Anapopima hasemeshwi. Alipomaliza kupima Nini aliingia.

Jioni nilisema, kwenye chakula. Nilisema yote.

"Ya kijani?" Baba akauliza.

"Ndiyo."

"Ina wadudu na ni ya kijani?"

"Ndiyo, Baba."

"Mti ukiumwa unaonyesha. Hakuna mgonjwa anayenenepa." Akaomba chumvi.

Mimi ndiye niliyempa.

2 Februari

Nimechukua kipande cha gome kwenye magogo, chenye mabuu meupe yaliyojikunja kila moja mwisho wa njia yake, nimekitia kwenye chupa ya jemu na kufunga kitambaa mdomoni. Nimeiweka dirishani nyuma ya pazia. Mama ameiona. Ameuliza kama shule ilinituma au ni kichaa changu mwenyewe.

6 Februari

Leo hakuna jipya. Jua tu.

11 Februari

Baba amempigia simu bwana misitu. Alifanya hivyo kwa ajili yangu, au ili ninyamaze, ingawa kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Bwana misitu alisema yuko mbali, atumiwe picha. Baba akanipa simu. "Piga wewe, macho yako mazuri."

Nilipiga picha ya miti mingine miwili ya katikati iliyoanza kuwa myekundu, kwa sababu ilikuwa inapendeza kwenye picha, nikatuma. Jibu lilirudi kabla sijafika nyumbani: Huo ni ukame, subirini mvua.

Lo! Nimejipiga mwenyewe. Sikumpiga picha Beleshi. Sikupiga picha ya unga. Nimemwonyesha mtu nyumba tupu nikategemea aniambie wapangaji ni akina nani. Nilitaka kuomba simu tena, lakini Baba alikuwa amekwishasema, "Umeona? Mtaalamu amesema," kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

15 Februari

Ile miti miwili ya juu ya magogo, ya kijani, ile ya unga, imeanza kupauka. Nilijua! Nilijua tangu Januari, na kujua kwangu hakujausaidia mti hata mmoja.

Sasa naielewa njia yao. Mdudu akiingia mti bado ni kijani. Anataga, mabuu yanakula, mti bado ni kijani. Majani yakiwa mekundu watoto wameshakua na kutoboa na kuruka. Kwa hiyo watu wanakata mwekundu, wanafurahi wamekata ugonjwa, na ugonjwa uko kwenye mti wa kijani waliouegemea kufuta jasho.

Baba na Nini wamekata myekundu mingine leo. Niliwafuata. Nilimwambia Nini, "Huu acheni, kateni ule."

"Nini?"

"Ule!" Nikaonyesha kwa kidole, mti wa kijani.

Akanipiga begani kwa upole. "Ule mzuri, binti yangu! Ule mzuri sana!" Akawasha mashine.

19 Februari

Chupa imejaa. Nilifungua pazia asubuhi nikawakuta wanatembea kwenye kioo, wengine weusi, wengine bado rangi ya asali, magamba yao hayajakomaa. Gome lina vitundu kama kifuniko cha chumvi.

Hilo gome nililitoa kwenye magogo. Maana yake magogo nayo, kule juu, kivulini, pamoja na magome yake, katikati ya miti yote mizima. Leo, kesho, keshokutwa wataruka.

Nilikimbia na chupa mpaka karakanani. Baba hayupo. Amekwenda mjini kununua bawaba, atarudi baada ya siku tatu. Mama alisema nimsubiri.

20 Februari

Sikusubiri.

Nilianza jua likichomoza. Nilichukua lile panga butu la kukwatulia na nyundo ya mbao. Gome la msonobari ukilipata pembeni linatoka kwa urahisi, unaingiza ncha, unagonga, unainua. Upande wa juu ulikuwa rahisi. Kwa upande wa chini ilibidi nivingirishe magogo, moja moja, nikiyasukuma kwa mgongo huku miguu imekanyaga shina la mti. Yakateremka kutoka kivulini mpaka penye uwazi. Sikufikiria hilo. Nilifikiria magome tu.

Chini ya kila gome walikuwepo. Mabuu machache, bundo, wale ambao si buu tena na bado si mdudu, weupe kama vipande vya mshumaa, na Mabeleshi wapya wamebanana kwenye vyumba vyao, wakingoja. Wengine walianguka kwenye viatu vyangu. Mti wenyewe chini ya gome ulikuwa umeingia rangi ya bluu, michirizi ya bluu kama wino uliomwagika, kuelekea ndani. Nilidhani ni macho yangu. Nilifuta kwa kiganja, haikutoka.

Nilikusanya magome kwenye gunia nikiyaburuta mpaka shimo la takataka, nikachoma. Yanalia kwenye moto. Yana utomvu, yanapasuka. Mama alitoka na ndoo ya maji mkononi akasimama.

"Unafanya nini?"

"Wangeruka, Mama."

Hakuniuliza nani. Aliangalia mikono yangu, akaweka ndoo karibu na moto, kwa usalama, akarudi ndani. Baadaye kidogo akatoka na glavu zake za shambani.

Jioni nilikaa juu ya gogo la mwisho. Mikono yote utomvu, nywele utomvu. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule nilijisikia nimefanya kazi.

23 Februari

Magogo yamepasuka. Yote. Jua limeyapiga uchi siku mbili na yamefunguka kutoka mwisho hadi mwisho, mipasuko ya kuingiza vidole.

Baba alirudi jana jioni, lakini ameyaona leo. Alikuja karakanani akasimama mlangoni. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Nani alimenya magogo ya milango?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu refu, lenye mpangilio, lenye chupa na mabuu. Nilifungua mdomo, likatoka, "Wangeruka."

"Akina nani wangeruka? Umepasua mbao, na umezitia rangi. Zina bluu mpaka ndani! Ulimwaga nini?"

"Sikumwaga, Baba, ni wale..."

"Nimekuachia karakana siku tatu."

Akaondoka. Bluu haikuwa mimi! Bluu ilikuwepo nilipobandua! Nikabaki na sentensi hiyo mdomoni mchana kutwa, na sasa ninaiandika hapa, ambapo haimsaidii mtu.

24 Februari

Ananionyesha kazi kwa kidevu. Hata kidevu kimepoa.

25 Februari

Vilevile.

27 Februari

Nini alikuja kuchukua msumeno wake. Alipita penye magogo yaliyopasuka, akapiga mluzi, akaja kwangu. Nilijitayarisha kuchekwa.

"Wewe ndiye uliyevingirisha haya peke yako?" Akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Mama Kuku.

Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo.

"Kwa mgongo? Ahaa!" Akachutama, akapitisha kidole kwenye bluu. "Hii nimeiona kwingine. Kule nilikofanya kazi zamani, kabla ya kazi kwisha." Akanyanyuka. "Kazi ilikwisha kwa sababu miti ilikwisha."

"Mwambie Baba!" nikasema.

"Nini?"

Nilivuta pumzi yote niliyokuwa nayo. "MWAMBIE BABA!"

Kuku wa Mama Kuku walinyamaza.

"Nilimwambia," Nini akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo siku ya kwanza. Akaniambia nisirudie kusema. Binti, huyu mtu aliipanda miti hii kwa kopo la maji, mche mmoja mmoja. Usidhani hasikii. Mimi ndiye nisiyesikia."

28 Februari

Nimekaa na hilo neno siku nzima. Nilikuwa namwona Baba kama ukuta. Ninaupigia ukuta kelele, halafu naukasirikia kwa kuwa ukuta. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu, tangu kile kipande cha gome alichowekea kikombe.

Lakini bado nimekasirika. Kama alijua, kwa nini aliniacha nijione mjinga?

3 Machi

Nilimlalamikia Mama jikoni. Nilisema yote kwa ufasaha, bluu, magogo, picha, unga, ile miti mingine saba iliyoanza kupauka. Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi.

"Umesema vizuri sana," akasema. "Sasa mbona unaniambia mimi? Miti iko jikoni?"

5 Machi

Nilimwambia saa ya asubuhi, kabla hajashika chochote mkononi. "Baba, chukua patasi, twende juu."

Alinitazama. Nadhani ilikuwa ile "chukua patasi." Hakuna mtu anayemwambia Baba achukue patasi. Akaichukua.

Nilimpeleka kwenye mti aupendao. Kila mtu wa nyumba hii anaujua: umenyooka kama uzi, hauna tawi mpaka juu sana. Akiwa na mawazo huenda kuuegemea. Ulikuwa kijani kabisa. Nilimwonyesha unga kwenye utando wa buibui penye mizizi. Sikusema kitu. Safari hii haikuwa aibu; niliona afadhali mkono wake wenyewe useme.

Aliweka patasi kwenye gome. Kisha akagonga mara moja kwa kiganja, akafungua kidirisha kidogo, safi, pembe nne, kama anatoa nafasi ya kitasa. Walikuwemo. Beleshi mmoja alikuwa anarudi kinyumenyume na mzigo wake wa unga, akafika kwenye mwanga, akaumwaga kwenye kidole gumba cha Baba.

Baba hakumponda. Alimwangalia akirudi ndani kuchukua mzigo mwingine.

"Mchapakazi," akasema. Na uso wake ukakunjika wote.

Sijawahi kumwona hivyo. Niliangalia upande mwingine. Baadaye akauliza, kama anayeuliza bei ya misumari, "Mingapi?"

"Yote ya katikati. Na mstari mmoja zaidi kuizunguka, hata kama haina unga."

"Hata mizima?"

"Hata hiyo."

"Nusu ya mteremko."

"Ndiyo, Baba."

"Na tusipokata?"

Nilitaka kusema kitu cha kumfariji. Hakikuwepo. "Mteremko wote, kabla mvua haijaja."

Akarudisha patasi kwenye mfuko wa aproni. Akaketi chini ya ule mti wake na kuniambia nikalete chokaa.

9 Machi

Tunakata. Mimi ninakwenda mbele na kopo la chokaa, ninatia alama. Nini anafuata na msumeno. Baba na Mama wanamenya, mimi ninarudi kuburuta magome motoni. Hakuna anayelala saa sita mchana.

Kuhusu mipasuko, Baba amepata dawa. Nilipoyamenya yale ya kwanza niliyaacha wazi kila upande. Sasa, gogo likimenywa tu, anapaka miisho yake rangi nzito iliyobaki kwenye makopo ya zamani, na analifunika kwa matawi. "Linakauka polepole kutoka ubavuni," akasema, "halikimbilii mwishoni." Kwa hiyo kwenye mteremko wetu kuna magogo yenye vichwa vya bluu, vyekundu, kijani cha zahanati. Mama anasema ni kama watoto waliovaa kofia.

Mbao nyingi zina ile bluu ndani. Baba hakunitazama alipoiona. Alisema tu, "Nguvu yake iko palepale, rangi ndiyo imeharibika." Halafu, baada ya gogo moja zima: "Hukumwaga kitu."

"Sikumwaga."

Hiyo ndiyo samahani yangu. Nimeikunja vizuri na kuiweka.

11 Machi

Mti wa mwisho kwenye mstari, ule mzima, usio na unga hata chembe. Nini aliuliza mara mbili kwa mikono. Nikaitikia kwa kichwa: kata. Ulipolala nilikwenda kuumenya mwenyewe, nikiomba nimkute hata Beleshi mmoja. Gome lilitoka jeupe, limelowa, zuri. Hapakuwa na kitu.

Nimeua mti mzima. Sijui kama nilikosea. Hakuna wa kuniambia.

16 Machi

Hakuna mvua. Napita kila mti uliobaki asubuhi na jioni, naangalia utando wa buibui.

19 Machi

Hakuna mvua. Hakuna unga. Kitanda kingine cha mtu, msasa.

22 Machi

Unga. Mti mmoja, juu, ndani ya ile iliyobaki.

Baba alikuwa na wateja wawili, watu wazima wenye mifuko ya shati iliyojaa kalamu. Nilisimama mlangoni. Miguu yangu ilitaka kurudi. "Baba, kuna mmoja," nikasema. Mmoja wa wale akaendelea kuzungumza juu ya kabati. Nikasema tena kwa nguvu. Baba akaweka rula chini, akawaambia wateja waketi, akachukua shoka. Wateja walitusubiri. Walipoangalia saa zao mara ya pili tulikuwa tumeshauangusha.

29 Machi

Mvua! Ilianza alfajiri na bado inapiga bati mpaka sisikii ninachoandika.

2 Aprili

Sasa naona jambo ambalo sijawahi kuliona. Kwenye mti mmoja wa juu Mabeleshi wamejaribu kuingia, na mti umejibu. Kila tundu limetoa donge la utomvu, jeupe, bichi, na katikati ya donge moja alikuwemo Beleshi, amenaswa, miguu juu. Wakati wa jua miti ilikuwa na kiu, haikuwa na cha kumtemea mtu. Nilimwita Baba akaja akaangalia. Akagusa donge, likamng'ang'ania kidole. Akacheka mpaka akakohoa.

4 Aprili

Nimekereka leo, halafu likatokea jambo.

Mama Kuku alikuja kwa maranda akasema msonobari wake mmoja, karibu na banda, umegeuka mwekundu. Baba akamvutia stuli. Akakunja mikono. "Aa, huo tunaujua," akasema. "Sisi tuliuona mapema."

Sisi! Mapema! Nini alikuwepo, anatikisa kichwa kwa mambo asiyoyasikia. Nilipiga msasa kwa nguvu mpaka ukachanika. Baba alieleza juu ya unga, juu ya mabuu, juu ya vimeno, kwa maneno yangu, hata lile la beleshi. Mama Kuku akisema, "Kumbe! Makubwa haya! Unajua mambo wewe!" Nikajisemea, haya, acha, miti imebaki, basi.

Kisha Baba akamaliza: "Kwa hiyo wewe usiogope. Kata ule mwekundu, choma magome yake, umemaliza kazi."

Miti ya Mama Kuku iko ng'ambo ya uzio tu. Inapakana na yetu iliyobaki, ile yote tuliyoinusuru.

"Hapana," nikasema.

Wakageuka wote. Mama Kuku aliangalia nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu mwingine ameingia.

"Ule mwekundu uuache wa mwisho, mama," nikasema. "Humo hamna kitu tena, wameshahama. Ukikata huo ukaketi, unawapa nafasi. Tafuta walikohamia. Ni wa kijani."

Uso ulikuwa unaniwaka. Nilidhani Baba atasema kitu. Aliokota kipande cha msasa kilichochanika akakikunja.

"Wa kijani?" Mama Kuku akasema. "Basi twende ukanionyeshe, maana mimi kwangu yote ni ya kijani."

Tulikwenda wote, hata Nini; Baba alibeba kopo la chokaa. Niliupita ule mwekundu bila kusimama. Niligusa magome, niliinama kwenye mizizi. Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu ni ule mkubwa unaolikinga banda lake na upepo, umetanda, umeng'aa kwa mvua, mzuri kuliko yote. Penye mzizi buibui alikuwa ametandaza, na utando ulikuwa na rangi ya kahawa.

"Huu," nikasema.

"Huu!" Mama Kuku akapiga makofi. "Mwanangu, huu ndio ukuta wa kuku wangu! Hebu utazame ulivyo mbichi! Mtu akiukata huu si amenivunjia nyumba?"

"Ndio huu, mama."

Akamgeukia Baba. "Na wewe mtu mzima, umesimama tu. Mwambie mtoto!"

Baba alikuwa ameweka mikono nyuma. Alitazama ule mti kutoka chini mpaka kileleni, taratibu, kama alivyokuwa akiutazama wake.

"Na mimi nilisema hivyohivyo," akasema. "Aliniambia tangu Januari. Nikakataa kusikia, nikapoteza nusu ya mteremko."

Mama Kuku akaugusa mti wake mara moja, akasogea kando kunipisha.

Baba akanisogezea kopo la chokaa. "Endelea," akasema. "Mwingine uko wapi?"

Nikaupaka ule mkubwa alama, nikaenda kuutafuta huo mwingine.